Televisheni Inakata Pembeni

4 Oktoba

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Shangazi hajambo? Magoti yake je, bado yanamsumbua asubuhi? Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia tangu juzi, na sababu ni wewe.

Kinyozi wako amenipigia simu. Usimkasirikie kabla hujamaliza kusoma. Anasema alipita kibandani kwako kukusalimia, akakunyooshea mkono, ukauacha hewani huku unamtazama usoni na kucheka naye. Akadhani umemnunia. Halafu akakuona unamsimamisha mpita njia akutungie uzi kwenye sindano. Wewe, Baba! Wewe niliyekuwa nikikuona unatunga uzi huku unabishana mambo ya mpira, hata sindano huitazami. Tangu lini hali hii, kwa nini niambiwe na mtu wa nje, na mbona simu zangu hupokei?

Kuna daktari wa macho aliyekuja dukani kwetu kununua televisheni. Nilisubiri meneja ageuke, nikamuuliza harakaharaka. Alisema kuna presha ya macho inayotembea kwenye ukoo. Haiumi, haiwashi, inaiba kidogo kidogo, na ilichoiba hakirudi. Kilichobaki ndicho kinachoweza kulindwa, tena kwa kuwahi. Nilipomwambia kwamba Bibi, mama yako, alikufa haoni, alinijibu maneno mawili: "Mpeleke sasa."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nakuomba kwa magoti yote mawili, nenda hospitali ya macho. Cherehani ndiyo maisha yako, na wewe ndiye mzazi pekee niliyebaki naye. Ukipoteza macho hayo sijui tutakuwa wageni wa nani.

Naomba unijibu upesi.

Ni mimi kitinda mimba wako,
Binti yako

16 Oktoba

Kwa kitinda mimba wangu,

Marahaba, na marahaba ya akiba. Hapa wazima. Shangazi yako anakusalimu. Nilimfikishia salamu zako kwa kelele mpaka majirani wakaitikia, na yeye mwenyewe akaniuliza nani amekufa. Masikio yake sasa yamebaki ya kuvalia hereni tu. Na mimi nasikia nimeshatangazwa kipofu. Basi vizuri, yeye hasikii, mimi sioni, tukikaa pamoja tunatimia mtu mmoja.

Unalalamika kwamba sipokei simu. Kwenye simu unanikatiza. Kwenye barua huwezi, ndiyo maana tangu uko shule ya bweni nimekulea kwa barua.

Kuhusu huyo mwenzangu: kinyozi hajinyoi. Na ashughulike na kichwa chake. Nimeshahama kwake, nanyolewa kwa mwingine, hata kama ananikwaruza. Uzi wa siku hizi ni mbovu, unachanua ncha kabla haujafika kwenye tundu, na balbu ya kibandani ni ya Kichina ya daraja la tatu. Hakuna jingine.

Sasa nikwambie lile ambalo hujawahi kuniuliza. Mama yangu alipoingia kwa hao madaktari wako alikuwa bado anauona mwanga wa mlango. Wakampasua, wakamfunga kitambaa. Siku walipokifungua nilikuwa nimekaa kitandani kwake. Aliuliza, "Mbona hamkifungui?" Kitambaa kilikuwa tayari mkononi mwa muuguzi. Mimi nilikuwa kijana mwenye ndevu, lakini nilikimbilia nje. Kwa hiyo usiniambie habari za hospitali ya macho kana kwamba unaniambia nikanunue chumvi.

Lakini sitaki ulie. Tufanye mapatano. Televisheni yangu ni ndogo, imezeeka, picha imefifia kama nguo iliyofuliwa kwa dawa kali. Wewe unauza televisheni. Niletee kubwa kuliko zote zilizopo dukani kwako, na nzuri kuliko zote. Nikikaa mbele yake nikashindwa kuona, nitakwenda kwa madaktari kwa miguu yangu, bila kuburuzwa. Nikiona, mniache mpaka nizikwe. Nimetia sahihi.

Baba yako

5 Novemba

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima, na nimecheka habari ya Shangazi hadi nikajionea aibu, maana mambo yenyewe si ya kucheka.

Nimeipata. Soma vizuri: nimeipata. Ni inchi themanini na tano. Ni ile iliyotundikwa ukutani mbele ya mlango wetu wa kuingilia, ile watu wanasimama wakiitazama na kusahau walichofuata. Kioo chake chembamba kuliko kidole chako, na weusi wake ni weusi kweli, si ule ukijivu unaoulalamikia. Bei yake halisi sitaitamka maana hata mimi ninayeiuza huwa naitaja nikiwa nimeangalia pembeni. Lakini ilikuwa ya maonyesho, imewaka pale tangu mwaka huu uanze, na kila mwaka meneja huuza moja ya namna hiyo kwa punguzo kubwa kwa mfanyakazi mmoja.

Tulikuwa wawili tunaoitaka. Mtunza stoo anaoa, alishapima mpaka ukuta. Meneja akatuita wote wawili, akasema ataichukua yule atakayekubali kusamehe likizo yake na kufanya kazi msimu wote wa mauzo wa mwisho wa mwaka. Mtunza stoo akaanza kufikiri. Mimi niliinua mkono kabla meneja hajafunga mdomo.

Kwa hiyo Desemba siji. Najua ulishaniwekea kitambaa cha gauni. Kiweke tu. Kati ya kuja kukubembeleza wiki mbili ukanishinda kwa maneno, na kukutumia kitu kitakachokutoa ubishi, nimechagua hiki. Umeahidi kwa maandishi na mimi barua yako nimeitunza. Ukishindwa kuiona hii, Baba, hakuna tena kubwa zaidi ya kusingizia.

Inakuja na basi la mizigo wiki ijayo. Wabebaji waibebe ikiwa imesimama. Isilazwe hata kidogo, kioo kikubwa kikilazwa kinapasuka kwa uzito wake. Waambie hivyo hata kama wanajua.

Binti yako

28 Novemba

Kwa kitinda mimba wangu, muuza vioo,

Hujambo mwanangu? Umekula? Kazi inakuchosha? Sisi tuko salama, ila nyumba haiko salama tena, maana imevamiwa.

Imefika ikiwa imesimama, kama ulivyoamuru. Wabebaji walikuwa wanne, na nyuma yao mtaa mzima. Tumelazimika kulitoa kabati la vyombo, likakaa ukumbini, na kila nikipita linanigonga bega. Jirani mmoja aliuliza kama tunafungua sinema. Shangazi yako siku ya kwanza alimwona msomaji wa habari mkubwa kuliko yeye mwenyewe, akamwamkia, akamvutia na kiti. Mpaka leo hapiti mbele yake bila kujifunga vizuri kanga.

Sasa hukumu. Naona! Naona mpaka matundu ya ngozi ya huyo msomaji wa habari. Naona mshono wa kola yake, na nakuambia kama fundi, umeshonwa na mtu mwenye haraka. Naona majani ya uwanja jani moja moja. Umeniletea mchana ndani ya nyumba, mwanangu, na Mungu akulipe, lakini mapatano ni mapatano. Nimeshinda. Madaktari wako watafute fundi mwingine wa kupasua.

Kuna kasoro moja tu, na wala si kubwa. Inakata pembeni. Mechi inachezwa lakini idadi ya mabao haioneshwi, ile inayokaa kule juu kwenye kona. Mpira ukipigwa winga unapotea, mpaka urudishwe kati. Nilikuwa natazama na vijana, wakashangilia bao ambalo mimi sijaliona likianza. Au ndiyo maana ya punguzo, tunauziwa katikati tu?

Baba yako, mshindi

9 Desemba

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako niliifungulia stoo, nikakaa juu ya maboksi, nikalia. Ni furaha, usiogope. Ulipoandika mshono wa kola nikajua, basi, mtu anayeona mshono wa kola anaona. Nimelala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu kinyozi anipigie. Nimeshindwa, nakubali, na sijawahi kufurahia kushindwa namna hii.

Hiyo ya kukata pembeni isikusumbue, hapo ndipo penye kazi yangu. Tunawaona wateja kama wewe kila siku. Picha imevutwa, imekuwa kubwa kuliko kioo, basi kingo zinabaki nje. Chukua rimoti. Bonyeza kitufe chenye alama ya gurudumu. Nenda kwenye Picha, halafu Ukubwa wa Picha, uchague Kamili. Usichague Kuza, hata kama jina lake linakuvutia. Kona zote nne zitarudi, na mabao yako yatarudi nazo.

Huku tunauza kama tunagawa bure, miguu imevimba, lakini nasimama nikikufikiria umekaa mbele ya kioo kile. Nisalimie Shangazi, mwambie msomaji wa habari amesema marahaba.

Binti yako

4 Januari

Kwa binti yangu,

Heri ya mwaka mpya. Nakutakia afya, na mimi nakuomba uniombee subira.

Nimebonyeza gurudumu. Nimechagua Kamili. Nikachagua na Kuza, kwa hasira. Nikabonyeza vyote mpaka ikaanza kusema lugha nisiyoijua, nikamwita kijana wa duka la vocha akairudisha. Bado inakata. Na sasa sikiliza kioja. Nikikaa kwenye kiti changu, kona hazipo. Nikirudi nyuma mpaka mlangoni, nikisimama kwenye kizingiti, mabao yanaonekana yote, juu kushoto, safi kabisa. Nikisogea tena, yanaondoka. Televisheni gani hii inayomkirimu aliye nje na kumnyima mwenye nyumba? Siku hizi natazama mechi nikiwa nimesimama mlangoni, wapita njia wanadhani nawakaribisha.

Mengine ni ya kawaida. Kabati limenichubua bega mara ya sijui ngapi, nitalikata kwa msumeno. Pasi imeunguza mguu wa suruali ya mwalimu mkuu, niliiweka kando nikasahau kwamba kando kuna suruali. Na pikipiki za mtaa huu zimepoteza adabu kabisa. Zamani ulikuwa unaiona ikija. Siku hizi hazipigi honi, hazina mlio, zinaibuka tu hapo ulipo. Moja imeniangusha juzi nikachanika goti, na mwendeshaji ndiye aliyenitukana mimi.

Niangalizie hiyo televisheni. Rahisi ni ghali, nilikufundisha.

Baba yako

20 Januari

Baba,

Shikamoo, na pole sana kwa goti. Umeliosha kwa dawa? Tafadhali tembea pembeni kabisa ya barabara, na hao wa pikipiki usibishane nao.

Nimeisoma hiyo ya mlangoni mara tatu. Kioo kizuri huonekana sawasawa ukikaa popote, kwa hiyo kama ukikaa karibu kona zinatoweka, kioo ni kibovu, na wamenipa wakijua. Nimemwambia meneja hivyo mbele ya wateja. Nimemwambia, nimekulipa fedha zangu na nimekulipa siku zangu za kumwona baba yangu, halafu unanipa kioo kibovu? Akaniita ofisini, akafunga mlango, tukapigiana kelele. Mtunza stoo anasema sauti yangu ndiyo iliyosikika zaidi.

Mwishowe amekubali kumtuma fundi wa tawi lililo karibu na kwenu. Atafika ndani ya wiki mbili. Usimwachie asingizie umeme, wote husingizia umeme. Mwoneshe kona, mwoneshe na ya mlangoni. Sitakubali ukae kwenye nyumba yako ukitazama nusu ya kitu nilichokununulia.

Binti yako

11 Februari

Kwa binti yangu,

Salamu nyingi. Natumaini hujafukuzwa kazi kwa ajili yangu.

Fundi wako alikuja, na ni mwongo. Alikuja na kisanduku chenye taa, akaiwasha televisheni, akaitazama mbele na nyuma, akasema, "Mzee, picha ni kamili." Nikamwambia kamili ya wapi, mabao yako wapi? Akaenda akasimama kwenye kioo, akaniambia, "Haya hapa, nimeyawekea kidole. Pameandikwa nini?" Nikamwambia, "Kijana, toa mkono wako nyuma ya mgongo kwanza, ndipo tuzungumze." Akaniuliza, "Mkono upi, mzee?" Nikaona ameshikwa uongo wake.

Ndipo Shangazi yako, ambaye hata hakujua tunagombania nini, akapaza sauti kutoka kwenye mkeka wake: "Mbili kwa moja!" Yule fundi akamgeukia akasema, "Ahsante, bibi." Nikajua wameshapanga. Dada yangu wa tumbo moja, amenunuliwa na fundi wa televisheni! Nimewafukuza wote wawili, ila mmoja amerudi maana ndiye anayepika.

Mwambie meneja wako atume mtu mzima.

Baba yako

17 Februari

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu, nisamehe.

Barua yako niliwasomea wenzangu wakati wa chai. Walikuwa wanacheka, na mimi nilikuwa nacheka kuliko wote. Nilipofika kwa Shangazi nikaendelea kusoma lakini kicheko kikakatika, na wao wakaendelea bila mimi. Nikarudia kusoma pale kwenye kidole.

Kidole kilikuwa kwenye kioo, Baba. Hakikuwa nyuma ya mgongo.

Nilitoka nikiwa na sare ya duka, nikakimbia mpaka kwa yule daktari wa macho, nikamkuta na foleni, nikapita foleni, watu wakanitukana. Nilimsomea barua zako. Hakucheka hata mahali pale pa msomaji wa habari. Aliniambia ugonjwa huu huanzia pembeni. Katikati hubaki safi mpaka karibu na mwisho, ndiyo maana mgonjwa huapa kwamba anaona, na kweli anaona, anaona mshono wa kola. Ukisimama mlangoni televisheni inakuwa ndogo machoni, inaenea yote kwenye tundu ulilobakiwa nalo. Pikipiki zina mlio na zina honi, Baba. Zinakuja kutoka upande ambao huna. Na mkono wa kinyozi ulikuwa chini ya tundu hilo.

Televisheni ni nzima. Ilikuwa nzima tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyejua kila kitufe chake, nikakaa hapa nikikufundisha kurekebisha picha, miezi yote hii, wakati mwizi yuko ndani anabeba. Ningekuja Desemba ningekuona unagonga kabati mara moja tu na ningejua. Nilikuwa na likizo mkononi, nikainunulia kioo.

Fanya hivi, nakusihi. Kaa kwenye kiti chako, iwashe. Ziba jicho la kulia kwa kiganja, utazame. Kisha ziba la kushoto. Usimdanganye mtu, hata nafsi yako. Halafu uende hospitali siku hiyo hiyo, usingoje nguo ya mteja, usingoje jibu langu. Mapatano ni mapatano, umeandika kwa mkono wako. Umeshindwa kuiona, Baba.

Nakuogopea, Baba.

Binti yako

8 Machi

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu. Nimekwenda stendi kila lilipoingia basi linaloleta barua zako, karani wa basi sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijamfikia. Simu yako inasema haipatikani. Nimempigia kinyozi, nimemwomba asahau kwamba umemhama, aje kwako. Anasema alikuta mlango umefungwa kwa ndani, amebisha, ukamwambia arudi siku nyingine. Na anasema televisheni ilikuwa imezimwa, mechi ikichezwa. Hilo ndilo lililonivunja nguvu.

Umekasirika? Kasirika. Nitukane, niandikie ukurasa mzima wa matusi, nitaubusu. Lakini usikae humo ndani ukihesabu kilichobaki mpaka kiishe. Najua unachokiogopa. Unamwona mama yako na kitambaa kile. Daktari anasema Bibi alipelekwa wakati hapakuwa na kitu tena cha kuokoa, na si kupasuliwa kulikompofusha. Wewe kipo kitu. Kidogo, lakini kipo, leo kipo.

Nimeomba ruhusa. Meneja amenijibu kwamba likizo yangu ilishauzwa na anayo sahihi yangu, nikiondoka niondoke moja kwa moja. Basi nitaondoka moja kwa moja. Nikikosa neno lako kufikia mwisho wa wiki ijayo naacha kazi, nakuja. Tutakula nini, nani atalipa hiyo hospitali, sijui, sina akili ya kujua. Nijibu, Baba yangu. Andika hata neno moja.

Mimi kitinda mimba wako

13 Machi

Kwa kitinda mimba wangu,

Salaam. Mwandiko huu usikushangaze, ni wa kinyozi. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuongeza lake. Tumepatana. Nilimfungulia mlango, akaninyooshea mkono, na safari hii akaniambia, "Mkono huo hapo, mzee, shusha macho." Nikaushika.

Nilifanya ulivyoniambia. Niliwasha, nikakaa kitini. Nilipoziba jicho la kulia, televisheni yote iliondoka. Na ukuta nao. Nikadhani umeme umekatika, lakini sauti ilikuwa inaendelea kutangaza mechi. Nilipoziba la kushoto, ikarudi, ila nilichopata ni duara dogo lenye mchezaji mmoja ndani yake, anakimbia, sijui anakimbilia wapi. Nikamwita dada yangu. Alikuwa amenipa mgongo, anachambua mboga, hakusikia. Nikaita tena. Nilikaa hivyo nikimwita mtu asiyesikia, kiganja kikiwa usoni, na nilikuwa na hofu, mwanangu, hofu ya mtoto mdogo. Ndiyo maana sikukujibu. Sikuwa na la kusema ambalo halingekuwa kilio.

Jana kinyozi alinipeleka hospitali. La kushoto limekwisha, wamesema bila kuzunguka. La kulia wanataka kulipasua mwishoni mwa mwezi huu ili kushusha presha. Hawatanirudishia kitu. Wanataka kuokoa hicho kiduara. Nikawauliza, na kikiondoka humo humo mikononi mwenu? Daktari ni msichana wa rika lako. Alisema inaweza kutokea, mara chache, na kwamba nikiacha kitaondoka kwa hakika. Nimekubali. Nimetia sahihi ya pili, baada ya ile ya mapatano yetu.

Sasa nisikilize, na usinikatize. Usiache kazi. Televisheni ninaituma na basi hili hili linaloleta barua. Imefungwa kwenye boksi lake, imesimama, nimewaambia wasiilaze. Shangazi yako amemuaga msomaji wa habari. Mrudishie meneja wako kioo chake, akurudishie likizo yako. Mimi mteja akinirudishia kitambaa ambacho sijakikata, nampokea, na meneja wako naye ana mama aliyemzaa. Kama ataona kimepoteza thamani, mwambie kilitumika katikati tu, pembeni ni kipya. Kinyozi anauliza kama kweli aandike hilo. Andika.

Uje kabla hawajanigusa. Usije baada, uje kabla. Nina hiki nilicho nacho leo na sijui kama kesho yake nitakuwa nacho, na kwenye hicho sitaki kuweka mpira wala habari. Nimekaa na kile kioo miezi mitatu nikitazama nyuso za watu nisiowajua, kubwa kuliko ukuta, na sura yako mara ya mwisho niliiona mwaka juzi.

Ukifika, usiniite kutoka ubavuni, nitageuka ovyo na sitakupata. Njoo mbele yangu. Simama katikati, halafu rudi nyuma kidogo, mpaka mlangoni ikibidi, nikuone mzima.

Baba yako